Namba chini ya kiti: kuhusu matunzo ya watumishi wa dini

Wiki ya tatu baada ya kumzika baba yangu, wazee wawili wa kanisa walikuja nyumbani wakiwa na daftari jeusi. Baba alikuwa mchungaji kwa miaka 31, na nyumba tuliyoishi ilikuwa ya kanisa, kama zilivyokuwa nyumba nyingine zote tulizopitia tangu nizaliwe. Wazee wale hawakuja kwa ubaya. Waliomba radhi mlangoni, wakaomba radhi tena sebuleni, kisha mmoja wao akakiinua kiti alichokuwa amekikalia muda mfupi uliopita, akakigeuza miguu juu, akaisoma namba iliyopakwa kwa rangi nyeupe chini yake na kumtajia mwenzake ili aitie alama daftarini. Walifanya hivyo kwa kila kiti, kwa meza, kwa kabati la vitabu, na kwa kitanda ambacho baba alikilalia katika ugonjwa wake. Mama alisimama karibu na dirisha. "Mama mchungaji, utusamehe, ni utaratibu tu," alisema yule aliyeshika daftari, na mama akajibu kwamba anauelewa. Walipomaliza, vitu visivyokuwa na namba vilikuwa cherehani, masanduku mawili ya nguo, vyombo vya jikoni na vitabu vya baba. Tulipewa siku 60 za kuhama.

Tukio hilo nimelibeba miaka mingi bila kuliandika, maana niliogopa lisije likasomwa kama lawama kwa watu walionilea, na wazee wale hawakuwa na kosa, walitumwa. Ninaliandika sasa kwa sababu mwaka jana nilichaguliwa kuingia katika kamati ya fedha ya usharika ninakosali, na kazi ya kwanza tuliyokabidhiwa ni kuandaa taratibu za matunzo ya watumishi wetu. Nimejionea jinsi watu wema, wanaotoa sadaka kwa moyo na wanaompenda mchungaji wao, wanavyoweza kukaa kikao kizima wakijadili paa, uzio na vipaza sauti, kisha wakamfikia mtumishi katika dakika za mwisho, kwenye mstari wa mwisho wa bajeti, wakampa kilichosalia. Hakuna anayekusudia kumdhulumu. Paa likivuja kila mtu huona, lakini mahitaji ya mtumishi hayaonekani, kwa kuwa yeye mwenyewe amefundishwa kutoyasema.

Ninachokiamini ni hiki: aliyeacha shughuli nyingine zote ili aihudumie imani ya watu anapaswa kutunzwa kwa haki inayojulikana na iliyoandikwa, wala asiachwe aishi kwa huruma inayokuja na kuondoka, na haki hiyo hupimwa kwa hali yake siku asipoweza tena kupanda mimbarini, na kwa hali ya wale anaowaacha.

Kwetu sisi Wakristo mjadala huu huanzia kwa Walawi, kabila la Israeli lililotengwa kwa utumishi wa dini, na mara nyingi huishia kwenye fungu la kumi, kana kwamba Torati ilisema jambo hilo moja tu. Nilipoketi kusoma upya sura zinazowahusu, nilishangazwa na jinsi mpango ule ulivyokuwa na mambo mengi yanayotegemeana. Walawi hawakupewa eneo la kabila kama ndugu zao, na badala yake kitabu cha Hesabu kinawapa zaka ya Waisraeli kuwa malipo ya utumishi wao katika hema ya kukutania. Lakini hawakuachwa bila mahali pa kulala: sura ya 35 inaagiza wapewe miji 48 pamoja na malisho yanayoizunguka. Wao wenyewe hawakusamehewa kutoa, kwani walitakiwa kutoa sehemu ya kumi ya zaka waliyoipokea. Na kuna kifungu ambacho sijawahi kusikia kikihubiriwa, katika sura ya 8, kinachosema kwamba Mlawi afikishapo umri wa miaka 50 aache kazi ya utumishi, abaki akiwasaidia ndugu zake katika ulinzi wa hema, asibebeshwe tena kazi yenyewe. Huo ni ukomo wa utumishi uliowekwa kisheria, tena kwa watu waliokuwa wakibeba mizigo mizito jangwani. Baba yangu alikuwa na miaka 66 alipoanguka akiwa katika ziara ya kuwatembelea washarika, na hakuna aliyekuwa amewahi kumwambia apumzike, kwa kuwa kupumzika kungemaanisha kuondoka katika nyumba ile.

Kumbukumbu la Torati linamtaja Mlawi katika orodha moja na mgeni, yatima na mjane. Zamani niliiona orodha hiyo kuwa ya heshima, lakini sasa naisoma kwa uchungu kidogo, maana wanaotajwa humo ni watu wasio na shamba la kurudia mambo yakiwaharibikia. Ndiyo maana agizo la kutomwacha Mlawi limerudiwa zaidi ya mara moja: mwandishi alijua kwamba ataachwa.

Na akiachwa, huwa nini? Kitabu cha Waamuzi, sura ya 17 na ya 18, kinatoa jibu ambalo ningependa kila kamati ya fedha ilisome kwa sauti. Kijana mmoja Mlawi anazunguka akitafuta mahali pa kukaa. Anafika kwa tajiri aitwaye Mika, mwenye nyumba ya sanamu, naye Mika anamwambia akae awe baba na kuhani wake kwa shekeli 10 za fedha kila mwaka, pamoja na mavazi na chakula. Kijana anakubali, na anatumika mbele ya sanamu za mtu mmoja. Baadaye wanakuja watu wa kabila la Dani, wanamuuliza kama si afadhali awe kuhani wa kabila zima kuliko wa nyumba ya mtu mmoja, na maandiko yanasema moyo wake ukafurahi, akazichukua sanamu na kufuatana nao. Wahubiri humtumia kijana huyo kama mfano wa tamaa. Mimi naona kwanza mtu aliyekuwa anatangatanga kwa kukosa riziki ambayo taifa zima lilipaswa kumpa, akawa mali ya yeyote aliyekuwa na uwezo wa kumlisha.

Ninayasema haya nikijua yalivyotokea nyumbani kwetu. Palikuwa na mshirika mmoja mwenye uwezo ambaye kwa miaka kadhaa alilipa ada zetu za shule, kimya kimya, kwa bahasha aliyompa baba baada ya ibada. Alikuwa mkarimu, na ninamshukuru mpaka leo. Siku moja watu waliokuwa wakimfanyia kazi walimjia baba wakilalamika kwamba hawajalipwa kwa miezi mingi, wakimwomba azungumze naye. Baba hakuzungumza naye. Miaka mingi baadaye, akiwa tayari mgonjwa, aliniambia bila mimi kumuuliza: "Mwanangu, nilinyamaza kwa sababu ya ada zenu." Hakuongeza neno, akageukia ukutani. Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba mtumishi wa kweli angesema tu bila kujali, na huenda ni kweli. Lakini nauliza pia kuhusu usharika wa mamia ya watu uliomwacha achague kati ya sauti yake na shule ya watoto wake.

Nehemia, aliyekuwa liwali wa Yuda, alilitazama jambo hili kwa namna ambayo kwangu ndiyo sahihi. Aliporudi Yerusalemu baada ya kutokuwapo kwa muda, alikuta Walawi na waimbaji wamekimbia, kila mmoja shambani kwake, kwa sababu hawakupewa sehemu zao. Hakuwafuata mashambani kuwahubiria juu ya wito. Aligombana na wakuu, akawauliza kwa nini nyumba ya Mungu imeachwa. Kisha akawarudisha watumishi mahali pao, zaka ikaletwa ghalani, akaweka watunza hazina, kuhani mmoja, mwandishi mmoja na Mlawi mmoja, pamoja na msaidizi wao, kwa kuwa walihesabiwa kuwa waaminifu, na kazi yao ikawa kuwagawia ndugu zao. Alianza na wenye mamlaka juu ya ghala, na alimaliza kwa kuunda kamati.

Hoja ninayoipata mara nyingi kutoka kwa wajumbe wenzangu ni kwamba utumishi ni sadaka, na kwamba Mtume Paulo alishona mahema. Ni kweli alishona mahema, pamoja na Akila na Prisila huko Korintho, kama Matendo ya Mitume sura ya 18 inavyoeleza. Lakini katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 9, Paulo yule yule anatumia mistari mingi kuthibitisha kwamba anayo haki ya kula kutokana na kazi yake, akimtaja askari asiyejigharimia vitani, mwenye shamba la mizabibu anayekula matunda yake, na ng'ombe apuraye nafaka ambaye Torati inakataza kufungwa kinywa. Baada ya kuithibitisha haki hiyo ndipo anasema hakuitumia. Mtu hawezi kusamehe deni ambalo hakuna anayekiri kuwa analo. Wakorintho hawakuwa na ruhusa ya kusema, "Kwa kuwa Paulo anashona, basi hatudaiwi". Na kwa Wafilipi, ambao walimtumia msaada zaidi ya mara moja, alipokea kwa shukrani na kuwaandikia kwamba hakuna kanisa jingine lililoshirikiana naye hivyo katika kutoa na kupokea. Sadaka ya mtumishi ni yake mwenyewe kuitoa. Sisi tukimtolea kwa niaba yake, bila kumuuliza, tumemnyang'anya.

Nakubali kwamba upande wa pili wa jambo hili una makosa yake, tena makubwa. Wapo wanaouza maombi, wanaotaja viwango vya sadaka kwa kila hitaji, wanaojilimbikizia mali huku wajane wanaowaombea wakirudi nyumbani mikono mitupu. Wakristo wa kwanza waliliona hilo mapema. Didake, maandiko yanayokadiriwa na wengi kuwa ya mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2, inaagiza kwamba mtume anayepita apokelewe kama Bwana, lakini asikae zaidi ya siku moja, au mbili panapokuwa na haja. Akikaa siku tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha atakapolala, na akiomba fedha ni nabii wa uongo. Watu huishia hapo wakinukuu. Sura mbili mbele, maandiko hayo hayo yanasema kwamba nabii wa kweli anayetaka kukaa miongoni mwenu anastahili chakula chake, na yanaagiza apewe malimbuko ya mizabibu, ya nafaka na ya mifugo. Na kama hakuna nabii, wapewe maskini. Ukali juu ya mlaghai na ukarimu kwa mtumishi wa kweli viliandikwa katika hati moja, na jamii ndogo ya watu maskini ilitarajiwa kuvishika vyote viwili.

Dawa ya ulaghai ni hesabu za wazi. Paulo mwenyewe, alipokuwa akikusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, aliwatuma watu wengine pamoja na Tito ili mtu yeyote asipate cha kulaumu juu ya fedha hizo. Mtumishi ambaye posho yake imepitishwa na mkutano, imeandikwa na inasomwa pamoja na matumizi mengine, hana haja ya bahasha za pembeni, na mwenye tamaa hana pa kujifichia. Kwa uzoefu wangu, pale ambapo posho ni siri ndipo uvumi unapozaliwa: mmoja anadhani mchungaji anapata nyingi, mwingine anadhani hapati kitu, na wote wawili wanaacha kutoa.

Ndugu zetu Waislamu wamelijadili suala hili kwa karne nyingi na kwa kina ambacho nimekiheshimu zaidi kadiri nilivyojifunza. Inasimuliwa kwamba Abubakar, baada ya kuchaguliwa kuwa Khalifa mwaka 632, alionekana asubuhi akielekea sokoni na nguo za kuuza, kwa kuwa alikuwa mfanyabiashara. Umar alipomuuliza atawezaje kuyasimamia mambo ya Waislamu huku akifanya biashara, yeye aliuliza atailisha nini familia yake. Ndipo akapangiwa posho kutoka katika mali ya umma. Kuhusu ujira wa kufundisha Kurani na kusalisha, wanazuoni wa mwanzo wa madhehebu ya Hanafi waliukataa kwa hofu ya kuigeuza ibada kuwa bidhaa. Waliofuata wakauruhusu, wakieleza kwamba posho za hazina ya umma zilikuwa zimekoma na mafundisho yangepotea kama walimu wangelazimika kutafuta riziki kwingine. Wakfu nao ulifanya kazi kubwa katika nchi nyingi: mtu alitenga shamba, duka au nyumba kwa ajili ya Mungu, mali ile isiuzwe wala kurithiwa, na mapato yake yakamlipa imamu, mwadhini na mwalimu wa madrasa muda mrefu baada ya mtoaji kufariki. Imamu alikula bila kuwa na deni la shukrani kwa tajiri aliyeketi safu ya mbele siku ya Ijumaa.

Hapo ndipo ninapoona hekima ambayo baba yangu aliikosa. Mkono unaotoa unapaswa kuwekwa mbali kidogo na kinywa kinachokula. Ujerumani imelifanya hilo kwa njia nyingine kabisa: washirika wa makanisa yanayoruhusiwa kisheria kutoza kodi hulipa kodi ya kanisa, asilimia 8 ya kodi yao ya mapato katika majimbo mawili ya kusini na asilimia 9 katika majimbo mengine, nayo kwa kawaida hukusanywa na mamlaka za kodi za serikali. Siipendekezi, kwa kuwa naona inampa mtu sababu ya kujiondoa kanisani kwa ajili ya fedha tu, lakini mchungaji wa huko hahitaji kumwogopa mshirika yeyote mmoja.

Katika Kurani, sura ya 2 aya ya 273, wanatajwa mafakiri waliozuiliwa katika njia ya Mwenyezi Mungu, wasioweza kwenda huku na huko kutafuta, ambao asiyewajua huwadhani ni matajiri kwa sababu ya kujizuia kwao, na ambao hawawaombi watu kwa kung'ang'ania. Nilipoisoma aya hiyo kwa mara ya kwanza niliweka kitabu chini. Shati la baba la Jumapili lilikuwa moja. Mama alilifua kila Jumapili jioni, akageuza kola ilipochakaa na kuishona upya kwa ile cherehani, upande wa ndani ukawa wa nje, na kila aliyemwona baba mimbarini alisema mchungaji wetu ananawiri.

Wapo waliochagua umaskini kwa nadhiri, nao wanatufundisha jambo jingine, kwamba kutomiliki kitu si sawa na kukosa kitu. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6, inamkataza mtawa kuwa na chochote kilicho chake, hata kalamu. Lakini sura ya 55 ya kanuni hiyo inamwagiza abati ampe kila mmoja vyote vinavyohitajika, na inavitaja: joho, kanzu, viatu, mkanda, kisu, kalamu, sindano, leso na vibao vya kuandikia, ili kisibaki kisingizio chochote cha uhitaji. Navutiwa na ile sindano. Aliyeandika orodha hiyo alikuwa amewaza nguo itakapochanika.

Watawa wa Kibudha nao, ambao kwa desturi yao ya kale hawashiki dhahabu wala fedha, wanategemea waumini kwa mahitaji manne: mavazi, chakula, malazi na dawa. Katika Vinaya, maandiko ya nidhamu yao, kuna kisa cha mtawa aliyekuwa akiharisha, amelala katika uchafu wake, na wenzake hawamjali kwa kuwa hakuwa na faida kwao. Buddha akammiminia maji, mwanafunzi wake Ananda akamwosha, wote wawili wakamnyanyua na kumlaza kitandani, kisha Buddha akawaita watawa na kuwaambia kwamba hawana tena mama wala baba wa kuwatunza, na wasipotunzana wao kwa wao, nani atawatunza? Aliyejitoa kwa dini amekata kamba zile ambazo wengine hushikilia wanapougua: ndugu, shamba, biashara, watoto. Jamii iliyompokea imekubali kuwa ndugu zake, hata kama siku ya kumpokea haikulitamka neno hilo.

Uzee ndio unaofichua kama neno hilo lilikuwa kweli. Nchini Marekani, masista Wakatoliki waliendesha shule na hospitali kwa vizazi kadhaa wakilipwa posho ndogo, na waliozeeka walitunzwa kwa kazi ya vijana waliokuwa wakiingia utawani. Vijana walipopungua, kuanzia miaka ya 1960, hesabu ile ilivunjika. Hadi mwaka 1972 sheria ya hifadhi ya jamii ya nchi hiyo haikuwa imewafungulia mlango watawa wenye nadhiri ya ufukara, na mashirika yalipoweza kujiunga, mafao yao yalikuwa madogo kwa sababu mapato yao yalikuwa madogo. Mwaka 1988 yakaanza makusanyo ya kila mwaka katika parokia za nchi nzima kwa ajili ya watawa wazee, na yanaendelea mpaka sasa. Walimu waliokuwa wamewafundisha watu kusoma na kuhesabu walifikia uzeeni pakahitajika kupitishwa kapu. Sisemi hivyo kwa kuwadharau waliotoa, maana walitoa vizuri. Nasema tu kwamba hesabu ilipaswa kufanywa miaka 40 kabla.

Nayo hesabu inawezekana. Uskoti, katika miaka ya 1740, wachungaji wawili, Robert Wallace na Alexander Webster, walichoka kuona wajane wa wenzao wakiachwa bila kitu, wakaandika kwa mapresbiteri yote, yaani mabaraza ya kanisa ya kila eneo, kuomba takwimu: wachungaji wangapi wapo, wangapi hufa kila mwaka, wangapi huacha wajane na watoto. Walipata kwamba kati ya wachungaji wapatao 930, wastani wa 27 hufariki kila mwaka na 18 kati yao huacha wajane. Kwa msaada wa Colin Maclaurin, mwanahisabati wa Edinburgh, waliunda mfuko ulioanza mwaka 1744, ambao kila mchungaji aliuchangia kila mwaka kwa kiwango alichokichagua, na mjane wake alipata kati ya pauni 10 na pauni 25 kwa mwaka kulingana na kiwango hicho. Unahesabiwa kuwa miongoni mwa mifuko ya kwanza duniani kusimamishwa juu ya hesabu za uwezekano wa kufa na kuishi. Kinachonigusa ni kwamba walianza kwa kuhesabu wajane. Sisi katika kamati yetu tulianza kwa kuhesabu viti vya ukumbini.

Kanisa Katoliki limeliweka jambo hili katika Sheria zake za mwaka 1983: kanuni ya 281 inasema mapadri wanastahili malipo yanayolingana na hali yao, kwa kuzingatia kazi, mahali na wakati, yatakayowawezesha pia kuwalipa kwa haki wale wanaowahudumia, na kwamba watunzwe wakiugua, wakilemaa au wakizeeka. Ipo hata kanuni ya 702, inayohusu mtawa anayeondoka katika shirika. Hana haki ya kudai chochote kwa kazi aliyoifanya humo, lakini shirika linaagizwa kumtendea kwa haki na upendo wa kiinjili. Naona kifungu hicho ni kifupi mno kwa mtu anayetoka na miaka 50 ya maisha na hana akiba, ila nashukuru kwamba kuna aliyemkumbuka.

Rasimu yetu ina kurasa nne. Posho ya mchungaji na ya mwinjilisti imehamishwa kutoka mstari wa mwisho wa bajeti hadi wa kwanza, na italipwa tarehe ile ile kila mwezi hata kama sadaka ya mwezi huo ni ndogo, upungufu ukichukuliwa kutoka mfuko wa majengo. Mchango wa mafao ya uzeeni utalipwa kwanza na usharika, ndipo mtumishi aongeze sehemu yake. Zawadi za washirika hazikatazwi, ila zikizidi kiasi fulani zitapitia kwa mweka hazina bila kumtaja mtoaji. Bima ya afya itawahusu pia mke au mume na watoto, na haitakoma siku ya kustaafu. Kifungu hicho cha mwisho kilichukua vikao vitatu, na mjumbe mmoja alisema waziwazi kwamba tunawalea watumishi kama watoto. Sikuwa na jibu la haraka, nikamweleza habari za daftari jeusi, naye akanyamaza, kisha akaunga mkono.

Kifungu cha 11 kinahusu nyumba. Tuliandika kwamba mtumishi akifariki akiwa kazini, familia yake itaendelea kukaa katika nyumba ya usharika kwa miezi sita bila malipo, ikipewa posho kamili, na samani zilizokuwa katika matumizi ya familia zitakuwa mali yake. Nilimpelekea mama rasimu nzima aisome. Ana miaka 79, na bado anashona. Alivaa miwani, akasoma kurasa zote nne polepole akifuata mistari kwa kidole, na alipofika kwenye kifungu cha 11 akasimama hapo kwa muda mrefu.

"Miezi sita," alisema. "Akifariki mwezi wa pili, watoto watahamishwa shule katikati ya mwaka. Wewe ulihamishwa. Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. Katika kikao kilichofuata tulikifuta kipindi kile cha miezi sita na kuandika: mpaka mwisho wa mwaka wa shule unaofuata.